Siku Nilipompanda Farasi kwa Upande wa Chini

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mji ambao vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda ndiye teksi na ndiye lori la saruji, na ambako mtoto hujua kukaa juu ya punda kabla hajajua kukaza kikoi chake kiunoni. Ndiyo sababu wenzangu wa ofisini Nairobi walipopanga safari ya Jumamosi moja kwenda Naivasha kupanda farasi, niliwatangazia kwamba mimi sihitaji mwalimu, kwa kuwa farasi ni punda tu aliyelishwa vizuri. Kauli hiyo ingali inanukuliwa ofisini, hasa na watu wa uhasibu.

Tulipokewa na saisi mmoja mzee, yaani mtunza farasi, mtu mpole asiyesema neno mara mbili, akanikabidhi farasi jike mwekundu aliyekuwa amesinzia. Tandiko lenyewe lilikuwa la Kiingereza: jembamba, la ngozi laini, lisilo na mahali pa kushika. Matandiko ya wachunga ng'ombe wa Marekani yana pembe mbele, iliyowekwa kwa ajili ya kufungia kamba ya kunasia ng'ombe lakini ambayo mtu mwenye hofu anaweza kuikumbatia bila kuulizwa. Hili langu halikunipa hifadhi ya namna hiyo.

Saisi alinieleza kwamba urefu wa ukanda wa kikuku, kile chuma cha kukanyagia, hupimwa kwa mkono wa mpandaji mwenyewe: ncha za vidole huwekwa pale ukanda unapoangikwa kwenye tandiko, kisha kikuku huvutwa hadi kifike kwapani. Nilimshukuru, nikaurefusha ukanda kwa kukadiria kwa jicho, ili miguu yangu ining'inie kama ilivyozoea kwa punda. Alipoongeza kwamba farasi yule hujaza kifua pumzi akifungwa mshipi wa tumbo, hivyo inafaa kumtembeza kidogo kisha kuukaza tena, nilicheka kwa sauti. Nilimwambia, "Mzee, mimi nimefunga shogi, mifuko ya mizigo ya punda, tangu nina miaka saba." Alinitazama kwa muda, akaenda zake kuwashughulikia wengine.

Mwalimu, binti mdogo kuliko mpwa wangu, alitupanga mstari na kutueleza mkao. Sikio, bega, nyonga na kisigino vya mpandaji vinapaswa kuwa katika mstari mmoja ulionyooka, na makalio yakae pale tandiko lilipobonyea zaidi, kiasi kwamba farasi akiondolewa ghafla chini yako, utue wima kwa miguu yako miwili. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni kabisa mwa nyuma, miguu mbele, kama mzee aliye barazani anayesubiri kahawa. Kwetu tulifundishwa kwamba mabega ya punda hayana kilima cha kumzuia mtu, na anayekaa mbele huishia shingoni. Mwalimu alinisihi nisogee, akaeleza kwamba kiunzi na mito ya tandiko vimeundwa ili kuusambaza uzito kwenye misuli ya pande mbili za uti wa mgongo, na kwamba mtu akikaa ukingoni uzito wote huelemea kiuno cha mnyama. Nilimjibu kwamba mnyama hajalalamika. Wakati huohuo masikio ya mnyama yalikuwa yamelala nyuma na mkia ukipiga huku na huku.

Tukaondoka kwa mwendo wa kawaida, nami nikaanza kuwapungia mkono waliobaki uzioni. Kisha farasi wa mbele wakaanza kwenda matiti, yaani mwendo wa kurukaruka ulio kati ya kutembea na shoti, na wangu akawafuata. Punda wa Lamu akienda telki, ule mwendo wake wa haraka ulio laini, unaweza kunywa uji juu yake. Matiti ni jambo jingine, kwa sababu miguu ya farasi hutua miwilimiwili kwa mshazari, na kila mtuo humrusha mpandaji, ambaye hana budi kuinuka na kuketi kwa kufuata pigo. Mimi nilikuwa nikishuka tandiko linapopanda, tukawa tunakutana njiani bila salamu. Kwa kuogopa kuanguka nilibana visigino mbavuni mwake kwa nguvu zangu zote, na yeye, aliyefunzwa vizuri, akaelewa kwamba bwana mkubwa anataka kasi. Akatoka shoti.

Hapo pumzi iliyojazwa kifuani ilikuwa imekwisha kutoka zamani, na mshipi umelegea. Nilipoinama kushika singa za shingoni mwake, tandiko zima lilianza kulala kushoto taratibu kama mashua iliyozidiwa na upepo, nami nikiwa bado nimekaa juu yake kwa heshima. Niliona Ziwa Naivasha likipanda na mawingu yakishuka. Yule farasi, ambaye ninamshukuru hadi leo, alisimama, akatazama mzigo uliokuwa umehamia tumboni mwake, kisha akainamisha kichwa na kuanza kula majani.

Ukanda wa kikuku katika tandiko la namna ile umeangikwa kwenye chuma kilicho wazi kwa nyuma, ili uchomoke mtu akianguka asije akaburutwa. Ulichomoka kama ulivyokusudiwa, nami nikatua nyasini kwa makalio, kikuku kikiwa kimenasa kifundoni mwangu. Kikuku ni cha mpanda farasi na pia ni cha mguuni mwa bibi harusi. Nilivaa vyote viwili kwa mara moja.

Mwalimu alinifariji kwa kuniambia kwamba hata wanajeshi wapanda farasi wa Ulaya walikuwa wakiegemea nyuma kila waliporuka viunzi, hadi afisa wa Kiitalia, Federico Caprilli, aliyefariki mwaka 1907, alipowafundisha kuufuata mwendo wa farasi kwa mbele. Kwa hesabu yake nilikuwa nimechelewa kwa zaidi ya karne moja tu. Saisi hakusema kitu. Alikaza mshipi mara ya pili, polepole, mbele ya macho yangu.

Wenzangu walibaki kula nyama, nami nikarudi Nairobi kwa matatu. Kukaa hakukuwezekana, hivyo nilikanyaga sakafu kwa visigino, nikainua makalio kidogo juu ya kiti, na kila tulipopita tuta niliinuka na kushuka kwa pigo sahihi kabisa. Shida ni kwamba kila nilipoinuka makanga alidhani nashuka, akagonga paa, na dereva akasimama. Tulipofika Kinungi tulikuwa tumesimama mara nne, na mama mmoja aliyeketi nyuma yangu akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu ninapajua.