Nyimbo za dhahabu hazikuwa za furaha tu

Kuna mwandishi anayesema nyimbo za wachimba dhahabu wa California zilikuwa za kuchangamsha watu kambini. Hapo sikubaliani naye. Sikilizeni maneno, msiishie kwenye midundo. Dhahabu ilipoonekana Januari 1848, waliotoka pwani ya mashariki ya Marekani kwa meli walizunguka Rasi ya Horn, kwenye ncha ya kusini ya Amerika Kusini, safari ya miezi mitano hadi minane. Wengine walikatiza Panama, wakakutana na malaria na kipindupindu. Chakula cha melini kilikuwa nyama ya chumvi na biskuti zilizoingia wadudu. Kiseyeye kikawatoa damu kwenye ufizi. Yote hayo yamo kwenye nyimbo: matapishi, manahodha wakatili, nauli iliyomaliza akiba ya nyumba nzima.

John A. Stone, mchimbaji mwenyewe, alichapisha kitabu cha nyimbo hizo San Francisco mwaka 1855. Alitumia tuni ambazo kila mtu alizijua tayari, kwa hiyo aliyesoma maneno aliweza kuimba papo hapo. Naona ndiyo maana zinaniuma: tuni ya kuchezea, na ndani yake mtu anamlilia mama aliyemwacha ng'ambo.