Vasco da Gama: aligundua, au alionyeshwa?

"Nani aligundua njia ya bahari ya kwenda India?" Shuleni swali hili nililijibu kwa jina la Vasco da Gama, nikapewa alama yangu, nikaendelea na swali lililofuata. Jina halinisumbui leo. Kinachonisumbua ni kitenzi. Wapo wanaotaka neno "kugundua" lifutwe kabisa, maana Waswahili, Waarabu na Wahindi walikuwa wakivuka bahari hiyo karne nyingi kabla ya Mreno kuiona. Wapo wanaojibu kwamba alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, na kumnyima sifa yake ni kuandika historia kwa hasira. Nikiisoma safari yenyewe, naona kila upande umeshika nusu yake.

Nusu ya kwanza ni ya Atlantiki, na hapo wanaomtetea wana haki. Gama aling'oa nanga Lisbon Julai 1497 na merikebu nne. Alipovipita visiwa vya Cape Verde hakuambaa na pwani ya Afrika. Alikata kuingia bahari kuu, akazunguka mbali magharibi kutafuta upepo wa kumsukuma hadi kusini mwa bara. Kuanzia mwanzo wa Agosti hadi mwanzo wa Novemba mabaharia wake hawakuona nchi kavu. Columbus, miaka mitano nyuma, alivuka kutoka visiwa vya Canary kwa wiki tano tu. Mreno mwenzake Bartolomeu Dias alikuwa ameizunguka ncha ya Afrika mwaka 1488, akageuka. Gama hakugeuka. Manahodha wetu hawakuijua njia hiyo, wala hawakuwa na haja nayo: kusini ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, hapakuwa na soko la kuwavuta, na pepo za msimu haziwafikishi huko kwa uhakika. Kuikubali sifa hiyo hakutupunguzii kitu.

Nusu ya pili ni nyingine kabisa, na ushahidi wake umetoka kwa Wareno wenyewe. Daftari ya safari iliyoandikwa na mmoja wa watu wa Gama imebaki hadi leo. Kisiwani Msumbiji, Machi 1498, mwandishi alikuta watu waliovaa nguo za kitani na pamba zenye darizi, na vyombo vyao vina dira, vipimo vya nyota na ramani za bahari. Hapo ndipo neno "kugundua" linapoanza kuishiwa nguvu.

Kisha Malindi, Aprili. Daftari inaeleza mfalme alivyotoka kuwalaki: joho lililotiwa hariri ya kijani, viti viwili vyenye mito, mwavuli mwekundu wa atlasi, na tarumbeta mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, urefu wake kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Mwandishi hakuwa na jina la kitu kile. Sisi tunalo: ni siwa. Aliyewahi kuiona siwa ya Pate kwenye makumbusho ya Lamu ataitambua bila kuambiwa. Siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa alama ya utawala. Gama alikuwa amefika kwenye dola yenye adabu zake, si kwenye ufuo unaongoja kugunduliwa.

Daftari hiyohiyo ina jambo ambalo masimulizi ya "ukarimu wa Malindi" huliruka. Mfalme alikuwa ameahidi rubani. Siku mbili zikapita bila mtu kutoka mjini. Jumapili tarehe 22 chombo cha mfalme kilipomleta msiri wake merikebuni, Gama alimzuia, akatuma neno mjini kwamba anamtaka rubani aliyeahidiwa. Rubani akaletwa, msiri akaachiliwa. Kwa hiyo hata zawadi ile ilitoka ikiwa na rehani ya mtu ndani yake.

Walitweka tarehe 24 Aprili, kusi, upepo wa kwenda India, ikianza. Baada ya siku 23 waliiona nchi ya India, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Tazama sasa kurudi. Gama aliondoka Calicut mwisho wa Agosti kwa ugomvi, bila kungoja msimu, na mwanzoni mwa Oktoba akaanza kuvuka wakati kaskazi, upepo wa kurudi Afrika, haijaingia. Mtoto yeyote wa mvuvi wa pwani hii angemwambia angoje. Bahari ileile iliyomchukua siku 23 ilimla karibu miezi mitatu. Kiseyeye kiliwashika mabaharia: fizi zilivimba hadi kufunika meno wasiweze kula, miguu ikajaa, thelathini wakafa katika kuvuka huko, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipoifikia Malindi Januari 1499, wagonjwa walililia machungwa. Merikebu São Rafael ilichomwa moto kusini ya Mombasa kwa kukosa watu wa kuiendesha. Kwangu mimi hakuna hoja inayoushinda ulinganisho huo. Siku 23 zilikuwa elimu ya rubani na msimu, na miezi ile mitatu ilikuwa kipimo cha alichokijua Gama mwenyewe.

Rubani huyo alikuwa nani? Wengi hutaja Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo. Dai hilo lilitokana na mwanahistoria wa Makka aliyeandika miongo kadhaa baadaye, akaongeza kwamba Ibn Majid alileweshwa ndipo akaonyesha njia. Wanahistoria wengi leo hawalikubali, nami nafurahi, kwa sababu linampa mzee wa watu fedheha isiyo yake. João de Barros, mwandishi wa Kireno wa karne ya 16, anamtaja Mwislamu wa Gujarat aliyeitwa Malemo Cana. "Malemo" si jina la mtu. Ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa "mwalimu", na baharini lilimaanisha mjuzi wa njia. Barros anasema Gama alimwonyesha chombo chake cha kupimia jua, na mwalimu hakushangaa hata kidogo. Akatoa chake cha vibao.

Linabaki suala zito zaidi: je, Malindi iliwauza wenzake? Lawama hiyo ina uzito wake. Mwaka 1502 Gama alirudi na mizinga, akailazimisha Kilwa kulipa kodi, kisha akaichoma merikebu iitwayo Miri iliyokuwa ikiwarudisha mahujaji kutoka Makka, pamoja na mamia ya watu waliokuwamo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, mkuu wa kikosi kingine cha Wareno, aliipora Kilwa, kisha Mombasa. Njia ya yote hayo ilionyeshwa kutoka bandari ya Malindi. Lakini mfalme yule hakuwa mlinzi wa "Waswahili wote". Wazo hilo ni letu sisi wa leo. Yeye alikuwa na jirani mwenye nguvu, Mombasa, aliyemkosesha usingizi, na mbele yake palikuwa na wageni wenye mizinga wanaotaka urafiki, ambao pia walikuwa wamemshika mtu wake. Ningekuwa baraza la mji huo, nadhani ningemshauri vilevile. Namlaumu kwa machache, na yaliyofuata nayaweka mikononi mwa waliofyatua mizinga.

Nguzo ya Gama ingali imesimama Malindi juu ya mwamba, na msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Sitaki ibomolewe. Ninachotaka ni kitabu cha darasani kibadilishwe, kiseme hivi: "Mwaka 1498 Vasco da Gama aliiunganisha njia mpya ya Atlantiki na njia ya kale ya Bahari ya Hindi, akiongozwa kutoka Malindi na mwalimu wa bahari aliyeijua." Na mstari unaofuata, ukurasa uleule, uwe wa Kilwa na Mombasa mwaka 1505, si sura mbili mbele.