Rangi mbili si dawa ya kumwagia kwenye kidonda

Juzi mtoto wa jirani alianguka na baiskeli kwenye barabara yetu ya changarawe, goti likachubuka vibaya. Nilipofika, shangazi yake alikuwa ameshafungua kapsuli ya rangi mbili, hizi za amoksilini, na kumwaga unga wake juu ya damu na mchanga. Nikamwomba, "Shangazi, tuanze na maji kwanza." Akanitazama kama mtu anayemnyima mtoto tiba.

Simlaumu. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Nikiwa darasa la tatu nilikaa wiki nzima na goti lililofunikwa na gamba gumu la unga huo. Kila aliyeliona alisema linapona, maana limekauka. Siku mama alipolilowesha kwa maji ya vuguvugu na kulibandua, chini yake palikuwa pamejaa usaha. Harufu ile sijaisahau.

Tatizo linaanzia kwenye imani yetu kwamba kidonda kikavu ndicho kinachopona. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alilinganisha vidonda vidogo kwenye ngozi ya nguruwe. Vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi mpya karibu mara mbili ya kasi ya vile vilivyoachwa wazi. Ngozi changa hutambaa kutoka pembeni kwenda katikati, na ikikuta kigaga kigumu hulazimika kupenya chini yake.

Sasa huo unga. Kapsuli imetengenezwa imezwe, dawa ifike kwenye damu kwa kipimo na kwa siku zilizopangwa. Ukiimwaga juu ya kidonda inagandamana na majimaji na kuufungia uchafu ndani. Miaka ya 1940 penisilini ilipakwa kwenye ngozi kama marhamu, na madaktari wakaja kuacha kwa sababu iliwaletea watu mzio. Amoksilini ni ya ukoo huohuo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba amoksilini ndiyo dawa tunayoitegemea mtoto akipata nimonia, nasi tunawazoesha vijidudu nayo kwa mchubuko ambao maji yangeumaliza.

Ndiyo, maji. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kisha osha kwa maji safi ya kunywa yanayotiririka, mengi, na sabuni ya kawaida kuzunguka kidonda. Mchanga uliobaki utoe kwa kibano kilichochemshwa; hapa mtoto atalia, na inabidi uvumilie kilio hicho. Paka mafuta ya mgando kidogo, funika kwa gozi, ile shashi ya kufungia vidonda, au kitambaa safi kilichopigwa pasi, badilisha kila siku. Pamba usiiweke moja kwa moja, nyuzi zake hunasa. Spiriti nayo huunguza nyama changa inayojaribu kuota, kwa hiyo ule mwasho tuliofundishwa kuuheshimu si dalili ya kupona.

Majivu, kahawa, udongo na kinyesi cha ng'ombe visikaribie kabisa. Vimelea vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Hata msumari tunaousingizia kutu, hatari yake ni uchafu uliobeba na tundu refu unaloacha. Wanawake huchanjwa dhidi ya pepopunda wakiwa wajawazito. Sisi wanaume mara nyingi hatukumbuki tulichanjwa lini. Kidonda kikiwa kichafu au kirefu, na imepita miaka 5 tangu sindano ya mwisho, nenda kituo cha afya. Nenda pia ukiona wekundu unasambaa, usaha au homa.

Kung'atwa au kukwaruzwa na mbwa si jambo la kumalizia nyumbani, hata alama ikiwa ndogo kama ya mwiba. Osha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Goti la yule mtoto lilitugharimu karibu nusu saa na ndoo nzima ya maji. Unga ulitoka kwanza, kisha chembe za changarawe, moja baada ya nyingine. Shangazi ndiye aliyekuwa akimimina kwa jagi, mkono wake mwingine umemshika mtoto begani. Siku ya sita alinipitia asubuhi kuniambia ngozi imeanza kufunga, akauliza kama aendelee kupaka mafuta. Nikamwambia aendelee.