Maktaba ya chuo kikuu: tunachokodi na tunachomiliki

Matangazo ya maktaba za vyuo vikuu vyetu yana msimu wake. Mitihani ikikaribia, saa za kufunga zinasogezwa mbele. Muhula ukianza, mwaka wa kwanza wanaitwa kwenye mafunzo ya kutumia katalogi. Katikati ya muhula ndipo linapotoka tangazo lenye bashasha kuliko yote: hifadhidata mpya imefunguliwa, majarida maelfu kadhaa yanapatikana, ingia kwa barua pepe yako ya chuo. Ni nadra sana kukuta tangazo kwamba maktaba imepokea maboksi ya magazeti ya zamani kutoka kwa familia ya mwandishi fulani, au kwamba miswada iliyoanza kuliwa na mchwa imepigwa picha na sasa inasomeka.

Ubishi ninaotaka kuupima umo humo. Fedha ni kidogo, wakutubi ni wachache. Je, nguvu iende kwenye kile kinacholipiwa nje mwaka hadi mwaka, au kwenye kile ambacho sisi tusipokitunza hakuna mwingine atakayekitunza?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mfano mzuri kwa sababu mambo yote yapo pale Mlimani kwa wakati mmoja. Tarehe 27 Novemba 2018 Rais John Magufuli alizindua jengo jipya la maktaba lililojengwa kwa msaada wa China, kwa gharama ya takriban dola milioni 40 za Marekani. Linaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Wapo waliouliza, na bado wanauliza, kwa nini zijengwe maktaba kubwa namna hiyo wakati kila mwanafunzi ana simu mkononi. Sikubaliani nao. Simu ina kitabu, lakini haina meza. Mwanafunzi anayeishi watu wanne katika geto la chumba kimoja, jirani na baa inayopiga muziki hadi usiku wa manane, anachohitaji kwanza kutoka maktaba ni kiti, taa na ukimya. Aliyewahi kung'ang'ania kimbweta, ile meza ya kusomea ya nje, huku mbu wakimla na jua likizama hahitaji kuelezwa thamani ya jengo. Hata hivyo, ukigawa viti 2,100 kwa chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, unaona upesi kwamba jengo peke yake halitoshi, na hapo watetezi wa huduma za mtandaoni wanapata hoja yao.

Hoja hiyo ni nzito, nayo ina historia. Miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokauka, maktaba nyingi za vyuo vya Afrika zililazimika kusitisha majarida waliyokuwa wakiyaagiza. Mfululizo uliokuwa ukija kila mwezi unafika mwaka fulani kisha unakatika, rafu inabaki na nafasi. Kizazi kizima cha wahadhiri kilifundisha kwa maarifa waliyorudi nayo kutoka masomoni. Mabadiliko yalianza mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walipoanzisha HINARI, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mwaka uliofuata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikaja na AGORA, mpango kama huo kwa upande wa kilimo. Vyuo navyo vikajifunza kununua kwa pamoja: Kenya kuna ushirika wa maktaba uitwao KLISC, ulioundwa mwaka 2003, na Tanzania kuna wa COTUL. Chuo kidogo cha mkoani kikienda peke yake kwa mchapishaji wa Ulaya hakisikilizwi. Vikienda hamsini, bei inazungumzika.

Manufaa yake yanaonekana kwa mtu wa kawaida. Daktari mwanafunzi wa Muhimbili hawezi kumtibu mgonjwa kwa mwongozo wa mwaka 1985 eti kwa sababu ndio uliopo kwenye rafu. Darasa la wanafunzi mia tatu likielekezwa kwenye kitabu kimoja chenye nakala nne, tunajua kitakachotokea: mmoja atakiazima, sura itatolewa kopi steshenari, kopi itatolewa kopi, na kufikia wiki ya mtihani watu wanasoma desa ambalo kurasa zake mbili hazipo na hakuna anayejua ziliishia wapi. Nakala ya kielektroniki inapunguza aibu hiyo. Nasema inapunguza, kwa sababu leseni nyingi za vitabu vya mtandaoni zinaruhusu watumiaji wachache tu kwa wakati mmoja, jambo ambalo matangazo huwa hayalitaji. Usiku wa kuamkia mtihani kitabu kinaweza kuwa "kimeazimwa" hata kama hakina karatasi.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba tunachopewa si chetu. Mwezi Januari 2011 taasisi za Bangladesh zilishtuka kukuta zaidi ya majarida 2,500 yameondolewa kwenye HINARI. Wachapishaji kadhaa walikuwa wameamua kwamba soko la nchi hiyo limekomaa vya kutosha kulipa. Kelele zilipigwa, wengine wakarudisha. Lakini somo lilibaki kwa kila mkutubi aliyelifuatilia: mpangaji halalamiki kuta zikibomolewa, kwa kuwa nyumba si yake. Maktaba iliyolipia jarida la karatasi kwa miaka kumi ina juzuu kumi hata ikiacha kulipa kesho. Maktaba iliyolipia hifadhidata kwa miaka kumi, mara nyingi siku ya kuacha kulipa inabaki na risiti.

Kuna la pili, nalo linanikera zaidi. Tafuta neno "ujamaa" kwenye hifadhidata hizo. Utapata makala nzuri, nyingi zimeandikwa na watafiti wa Ulaya na Marekani, kwa Kiingereza. Kumbukumbu za kikao cha kijiji, kijitabu cha elimu ya watu wazima, kalenda ya chama cha ushirika, hotuba iliyopigwa chapa mkoani na kugawiwa kwa makatibu kata, hivyo huvioni. Anayesoma Kiswahili ndiye anayeumia zaidi. Anaweza kufungua majarida elfu kumi ya fizikia na tiba kwa kubofya, kisha akapoteza siku nzima akitafuta diwani iliyochapishwa Dar es Salaam miaka ya 1970.

Hapo ndipo panapoingia mkusanyo unaoitwa East Africana, wa machapisho ya Afrika Mashariki, sehemu ya maktaba ya Mlimani ambayo mwanafunzi anaweza kumaliza shahada ya kwanza bila kuikanyaga. Mwaka 1962, chuo kikiwa bado kichanga na makao yake yakiwa Mtaa wa Lumumba, Tanganyika ilitunga sheria ya kuwataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao kwenye maktaba ya chuo hicho. Nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, na tayari kulikuwa na watu walioona kwamba yanayochapishwa hapa lazima yawe na mahali pa kulala. Baadaye, mwaka 1991, maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo nayo ilifanywa kwa sheria kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Maktaba ya chuo kikuu, kwa hiyo, haikuwekwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Ilipewa kazi ya nchi.

Kazi hiyo imefanyika kwa kiwango gani? Sheria ipo, lakini anayejichapishia riwaya yake kwa nakala mia tano pale Kariakoo mara nyingi hajui kabisa kama sheria hiyo ipo, na hakuna anayemfuata kumkumbusha. Nakala mia tano zinauzwa kwa mkono, zinaisha, na miaka ishirini baadaye mtafiti anasikia tu kwamba riwaya hiyo iliwahi kuwapo.

Machapisho yanayopotea kirahisi zaidi ni yale ambayo wakati yakitoka hayakuonekana kuwa ya maana. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianza kutoa jarida la Cheche, kurasa za stensili zilizobanwa kwa pini. Mwaka 1970 serikali ikalipiga marufuku. Leo hakuna anayeweza kuandika kwa uzito kuhusu fikra za kisiasa za Mlimani ya enzi hizo akaliruka. Na ni nani aliyekuwa na sababu ya kutunza karatasi za namna hiyo, zenye wino unaopaka vidole? Mwenye nazo kabatini, kama hakuogopa. Na maktaba.

Miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu nayo ina kisa chake. Mtafiti wa Kiswahili J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya tendi, barua na kanda za sauti, na mkusanyo ukawekwa katika maktaba ya Mlimani. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, na ilichapishwa Leiden, Uholanzi. Sioni hila yoyote hapo. Brill, walioichapisha, ni mchapishaji anayeheshimika na kazi ilifanyika vizuri. Ila tazama mkondo wenyewe: mali iko Dar es Salaam, funguo ya kuijua inauzwa Leiden. Magazeti ya zamani ya Afrika nayo yamekuwa yakipigwa mikrofilamu na kuhifadhiwa Chicago tangu miaka ya 1960, chini ya ushirika wa maktaba za Marekani.

Kwa sababu ya historia hiyo, wanaopinga kuweka mikusanyo yetu wazi mtandaoni siwaiti washamba, ingawa wengine huwaita hivyo. Wanasema: tumekuwa tukichukuliwa kila mara, safari hii angalau mtafiti wa nje apande ndege, alipe kibali, akae chumba cha kusomea, aajiri msaidizi wa hapa. Tukimpakia kila kitu, ataandika kitabu akiwa kwao na tutakinunua kwa dola. Wanaongeza suala la tasnifu: zikiwekwa wazi, watu watadesa sura nzima nzima, na mhitimu aliyetarajia kuchapa kazi yake kama kitabu ataambiwa na mchapishaji kwamba tayari iko hadharani. Na kuna sheria. Hakimiliki Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1999, hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kwa hiyo sehemu kubwa ya machapisho ya enzi za Ujamaa bado ina wenyewe, hata kama wenyewe hao ni wajukuu wasiojua walichorithi.

Hoja ya sheria naikubali, na ina njia. Maandishi rasmi ya kisheria na ya kiutawala hayalindwi na hakimiliki, basi yaanze hayo. Mengine yapigwe picha kwa ajili ya hifadhi na yasomwe ndani ya jengo, wakati ruhusa ikitafutwa. Hoja ya tasnifu naikubali nusu. Wizi wa sura unafanyika zaidi pale tasnifu inapofungiwa, maana anayesahihisha hana namna ya kuilinganisha na kitu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimeweka maelfu ya tasnifu mtandaoni, na sijaona dalili kwamba wasomi wake wameibiwa kuliko wa vyuo vinavyofungia makabati. Mhitimu anayetaka kuchapa kitabu apewe muda wa kusubiri, miaka miwili au mitatu, kisha kazi ifunguliwe.

Ila hoja ya kwanza, ya kumzuia mgeni, naiona inampiga asiyehusika. Mtafiti wa nje ana ruzuku ya safari. Mwalimu wa sekondari wa Songea anayetaka kusoma historia ya Vita vya Majimaji katika magazeti ya kale hana. Miswada ya Kiswahili iliyoko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha London, imewekwa mtandaoni, na leo kijana wa kisiwa cha Pate mwenye bando anaweza kuifungua. Inachekesha na kuuma kwa pamoja kwamba kwake London inaweza kuwa jirani kuliko Dar es Salaam.

Kisha kuna moto. Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa nyika ulishuka kutoka Table Mountain hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza Chumba cha Kusomea cha Jagger. Takriban machapisho 70,000 ya mkusanyo wa masomo ya Afrika yaliangamia. Milango ya kuzuia moto iliokoa sehemu ya hifadhi za chini, ambako baadaye maji ya kuzimia yakawa adui wa pili. Chuo hicho ni kati ya vyenye uwezo mkubwa barani. Kwetu, ambako hatari kubwa mara nyingi ni paa linalovuja, unyevu wa pwani na mchwa, uharibifu hauna siku moja ya kuandikwa gazetini. Unaendelea hata wiki hii.

Kwa hiyo sisemi maktaba ziache kulipia majarida. Mwanafunzi wa udaktari asibebeshwe mzigo wa uzalendo wa mwanahistoria. Ushirika wa ununuzi uendelee, na ujadiliane kwa ukali zaidi kuhusu haki ya kubaki na matoleo yaliyokwisha kulipiwa. Ninachobishia ni mpangilio wa nani anakula kwanza. Hifadhidata ina wafadhili, ina mawakala wanaokuja na kalamu na fulana, na ina takwimu za "vipakuliwa" zinazopendeza kwenye ripoti ya mwaka. East Africana haina wakala. Kazi ya kupiga picha ukurasa mmoja mmoja, kuandika maelezo yake kwa Kiswahili sahihi, na kutafuta mrithi wa mwandishi aliyefariki Tabora ni ya polepole na haipigiwi makofi.

Ndiyo maana bajeti ya ndani, ile ndogo isiyo na masharti ya mfadhili, ingepaswa kuanzia hapo, na wakutubi wawili au watatu wenye kusoma hati za Kiarabu na magazeti ya zamani waajiriwe kwa kazi hiyo tu, wasivutwe kila Novemba kwenda kukaa kaunta. Itamaanisha hifadhidata moja au mbili hazitalipiwa mwakani. Idara fulani italalamika, na italalamika kwa haki. Mkutubi mkuu atakayekubali malalamiko hayo yaje mezani kwake ndiye ninayemsubiri, nami najua ninamwomba achague kitu ambacho wanafunzi wake wa sasa hawatamshukuru.