Bado Vifungo Tu

Jamani, kuacha bia ni kazi nyepesi. Nimeiacha Kwaresima tano mfululizo, na kila Pasaka tunakutana tena kama ndugu waliopotezana. Mwaka huu wa 2026 nimejitia kuacha kitu kingine, nacho kinanitoa roho.

Mimi ni fundi cherehani. Hapo dhambi yangu mmeshaijua, sikuwa na haja ya kwenda kuungama. Lakini nilikwenda. Dhambi nikazipanga vizuri, ule uongo nikauficha katikati, kama ninavyokunja kitambaa nilichokiunguza na pasi. Padri akanyamaza. Kimya kirefu. Ndipo nikakumbuka kwamba kanzu yake ninayo mimi tangu Noeli.

"Mwanangu," akasema, "bia usijisumbue nayo. Acha 'njoo Ijumaa'."

Siku 40 bila "njoo Ijumaa"! Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka 17 na kodi ya fremu nalipa. Nikajifariji kwamba Jumapili hazihesabiwi katika zile 40. Lakini Jumapili sifungui fremu, nitamdanganya nani? Mke wangu? Huyo alishaacha kuniamini kabla hatujafunga ndoa.

Jumatano ya Majivu, Februari 18, majivu bado yako kwenye paji la uso, mama mmoja akaingia. "Fundi, gauni langu?" Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mama, umeme ulikatika..." Akaitazama cherehani yangu. Ni ya kukanyaga. Kisha akanitazama paji. Asubuhi nimeambiwa mavumbini nitarudi. Nilitamani nirudi saa ileile.

Jirani yangu, fundi mwenzangu, ni Muislamu, na Ramadhani nayo ikaingia wiki hiyohiyo. Akaniuliza, wewe umefunga nini? Nikamwambia, uongo. Akashika mbavu. "Usinichekeshe, koo limekauka. Lakini swaumu yako kali kuliko yangu. Mimi magharibi nafungua."

Kwa nguvu zangu sikufika hata saa nne asubuhi. Basi nikaanza kusali Salamu Maria moja kimoyomoyo kabla ya kumjibu mteja. Ninapofika "utuombee sisi wakosefu", uongo unakuwa umeshapoa kidogo, naumeza. Ila midomo inachezacheza. Kijana mmoja akarudi nyuma: "Fundi, unanipigia hesabu au unaniroga?"

"Hapana, mdogo wangu. Suruali yako sijaikata. Iko kwenye mfuko, ila mfuko upi sijui."

Akakaa kwenye benchi. Nilidhani ananiletea vurugu, kumbe miguu imemwishia kwa mshangao. Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao wakaondoka. Wa tatu ameacha chake, anasema afadhali sasa anajua ukweli.

Kisha kwaya. Sare 24, kabla ya Jumapili ya Matawi. Zamani ningepokea zote, advansi nikaila, na simu nikaizima. Safari hii nilisali Salamu Maria tatu, jasho linanitoka, nikasema: naweza 10. Mwenyekiti akapeleka 14 kwa fundi mwingine. Huyo amewaambia waje Ijumaa.

Hela imepungua, sifichi. Ila simu ikilia usiku siigeuzi tena kifudifudi. Na kanzu ya Padri nimepeleka mwenyewe. Imembana kidogo, maana vipimo ni vya Noeli.

Sasa sikieni ya jana. Yule mama wa Jumatano ya Majivu karudi. Gauni limeshonwa, limepigwa pasi, linaning'inia ukutani anapoliona.

"Fundi?"

"Tayari, mama. Bado vifungo tu."

Na ni kweli! Vifungo sita, viko mezani mbele yangu, uzi nimeshautunga kwenye sindano! Akanitazama kama Yesu alivyomtazama Petro jogoo alipowika. Hakusema neno. Akavuta benchi mpaka mlangoni, akalikalia, akatoa rozari kwenye mkoba, na hakunyanyuka mpaka kifungo cha sita.