Dirisha Lisilo na Ngumi

Uvimbe huu juu ya jicho msiniulize. Najua mtauliza tu, maana hata muuza maji alisimamisha mkokoteni akaniambia, "Leo shemeji kakuamkia vibaya?" Sijapigwa na mke wangu. Nimepigwa na dirisha.

Juzi usiku umeme umekatika, mimi ndiyo natoka kuoga. Nyumba zetu za kupanga mnazijua: kaujia kembamba, halafu mwenzetu wa chumba cha mwisho ana dirisha la chuma linalofungukia nje, na kwa joto hili halifungi. Nikawa nakimbilia chumbani na ndoo yangu, sabuni bado masikioni. Paa! Nikajikuta nimekaa chini, ndoo imetangulia mbele, taulo silioni. Dirisha halikutikisika. Liko palepale alipolipachika fundi. Mbio zote zilikuwa zangu, na zimenirudia mwenyewe usoni.

Asubuhi nikaipeleka habari hii kijiweni, kwenye kahawa. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu pale anakaa mzee mmoja fundi viatu, mwenyekiti wa maisha wa chama cha "huyu hana ngumi". Bondia akizunguka ulingo, akachomeka jebu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele, na kuondoka, mzee anasonya: "Anapapasa huyo." Floyd Mayweather kacheza 50 kashinda 50, yeye anahesabu KO, zile za kummaliza mtu kabla ya muda, 27 tu, kesi imefungwa.

"Na dirisha nalo halina ngumi," akaniambia, kijiwe kizima kikacheka.

Nikamwambia, mzee wangu, ngumi haitoki begani. Inaanzia kwenye unyayo, inapanda pajani, nyonga inazunguka, ndipo mkono unatumwa. Mkono ni tarishi tu. Sasa mtu anayerudi nyuma, uzito wake unakimbilia kisiginoni wakati ngumi inakwenda mbele. Itafika, ndiyo, lakini imefika peke yake. Akitaka kupiga kwa uzito wote lazima akite miguu, na akishakita miguu anapatikana. Kwa hiyo wapo wanaopiga hesabu: afadhali ngumi ipungue kilo, meno yabaki kamili. Mimi ninayelipa daktari wa meno kwa awamu nawaelewa sana.

"Maneno," akasema mzee, anatafuna kashata.

Nikamtolea Tyson Fury. Desemba 2018 na Deontay Wilder, raundi 12 za kuyumba na kukwepa, kaangushwa mara mbili, ikaisha sare. Watu wakasema Fury kavaa mito mikononi. Februari 2020 wanarudiana Las Vegas, Fury kaja na karibu kilo 124, anasonga mbele tangu kengele ya kwanza. Wilder chini raundi ya 3, chini tena ya 5, ya 7 watu wa kona yake wakatupa taulo kusalimu amri. Mikono ni ileile! Kilichobadilika ni miguu. Na kitambi, haya, nakubali, kitambi nacho kilichangia.

Na msiniambie anayekwepa haangushi mtu. Desemba 2007 marehemu Ricky Hatton, hajawahi kupoteza, anamfuata Mayweather kama mwenye nyumba anayedai kodi. Raundi ya 10 akarukia. Mayweather anampisha huku anageuka, mkono wa kushoto ukatokea pembeni. Hatton hakuuona, na ngumi usiyoiona shingo haikuiandalia kitu. Akapitiliza hadi kwenye nguzo ya kona, akaenda chini. "Dirisha hilo!" nikapiga kelele. Nusu ya ngumi ile kaja nayo Hatton mwenyewe.

Mzee akaona anabanwa, akakimbilia kwa bondia George Foreman. Foreman hakucheza dansi, alisimama akapiga! Kweli, mzee. Alikwenda Kinshasa na ushindi 40, KO 37, na alikuwa kamwangusha Joe Frazier mara 6 katika raundi 2. Lakini tarehe 30 Oktoba 1974 mpinzani wake Muhammad Ali aliegemea kamba, akavuta kichwa nyuma, akafunika uso, ngumi zikaishia kwenye mikono na kamba zikapunguza kishindo. Raundi ya 8 aliyelala ni Foreman. Kilo zake zilikwenda wapi? Watu hawaulizi. Wanahesabu KO kama chenji ya dukani.

Basi mzee akainuka anionyeshe ngumi yenyewe. Kandambili mguuni, akavuta mkono toka nyuma kama anateka maji kisimani. Mimi nikarudi hatua moja. Moja tu. Ngumi ikapita, mzee akaifuata, kandambili ikabaki, akaenda kutua kwenye meza ya muuza kahawa. Vikombe vitatu vikavunjika, kashata zikamwagika mchangani.

Sikumgusa. Kijiwe kizima kiliona sikumgusa. Lakini kufika adhuhuri mtaa wote unajua nimemlaza fundi viatu kwa konde moja, na kijana wa bodaboda ananiita Foreman. Vikombe nimelipa mimi. Na viatu vyangu vya kazini viko kwa mzee tangu Jumatatu. Nikipita kuvidai, ananijibu bila kuinua kichwa kwamba gundi haijakauka.