Mario Kart World inastahili shangwe, ila si kwa ule ulimwengu wazi

Tangu Mario Kart World, gemu ya mbio za vigari ya Nintendo kwa mashine ya Switch 2, itoke tarehe 5 Juni 2025, kila ninapoitaja lazima atokee mtu wa kuniambia: "Si vigari vile vile na maganda ya ndizi yale yale? Gemu ya watoto hiyo, unashangilia nini?" Wengi wao hawajaigusa. Wameona kipande cha video cha ng'ombe akiendesha, wameona bei, wakatoa hukumu. Upande wa pili wapo mashabiki wenzangu ambao wimbo wao ni mmoja tu, ulimwengu wazi, ulimwengu wazi, yaani ile ramani kubwa unayoizunguka upendavyo nje ya mashindano. Hawa wa pili wananikera zaidi. Wanaitetea gemu nzuri kwa kusifia sehemu yake dhaifu, halafu yule asiyeamini akiijaribu na kukuta mashamba matupu, anarudi kutuambia alisema.

Mimi nasema ishangiliwe, na sababu yangu ni Knockout Tour, yale mashindano yake ya kutoana.

Vigari 24 vinaondoka pamoja. Hakuna raundi tatu. Ni safari moja ndefu inayokatiza ramani, na njiani kuna mageti. Geti la kwanza wanapita 20, wanne wa mwisho safari yao inaishia hapo hapo. Geti linalofuata wanapita 16, kisha 12, kisha 8, kisha 4, na hao wanne ndio wanaogombea ushindi kwenye kipande cha mwisho. Basi, kanuni yote ndiyo hiyo.

Kwa asiyeujua mfululizo huu itaonekana kanuni ndogo. Tuliokaa nao muda mrefu tunajua ugonjwa wake ulikuwa wapi: katikati ya msafara. Ukiongoza, una hofu ya gamba la bluu, silaha inayomfuata aliye wa kwanza, ambalo limetutesa tangu Mario Kart 64 ya 1996. Ukiwa mkiani, gemu inakuhurumia, inakupa nyota, inakupa radi, inakupa ile risasi inayokubeba yenyewe. Lakini aliye wa saba? Aliye wa tisa? Huyo alikuwa anapigwa kutoka nyuma, hawaoni wa mbele, na akipanda nafasi moja au akishuka hakuna anayejali, hata yeye mwenyewe. Nimeona watu wazima wakiweka pedi chini katikati ya mbio kwa sababu hiyo. Si kwamba walikuwa wameshindwa. Walikuwa hawana wanachokigombea.

Knockout Tour imekwenda moja kwa moja kwenye kidonda hicho. Sasa mahali pa moto ni pale mstari wa kutolewa unapopita, kati ya wa 20 na wa 21, baadaye kati ya wa 16 na wa 17. Uko wa 17, geti unaliona mbele, una uyoga mmoja wa kuongeza kasi mkononi. Unautumia sasa au unausubiri ule mkato wa nyasi? Aliye mbele yako naye anakutazama kwenye kioo, ameshika ganda la ndizi hataki kuliachia. Hapo hata mchezaji wa kawaida kabisa, ambaye maishani mwake hajawahi kumaliza wa kwanza, anapigania kitu. Anainuka kwenye kiti. Akipita wa 16 anapiga kelele kama aliyechukua kombe, na ana haki.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wengi wanalipita haraka. Kwenye Mario Kart 8 Deluxe, toleo lililotangulia la Switch ya zamani, wajuzi wa mtandaoni walikuwa na ujanja wa kubaki nyuma makusudi. Kwa kuwa zawadi hutolewa kulingana na ulivyoachwa, walijikalia mkiani wakikusanya silaha nzito, raundi ya mwisho wakachomoka kwa mikato na kuwapita walioendesha vizuri muda wote. Ilikuwa ndani ya kanuni, lakini ilikuwa inaua maana ya mashindano. Kwenye Knockout Tour ukikawia mkiani geti linakumaliza. Ile hesabu ya kuchelewa bado ipo, ila sasa ina hatari yake. Waliobuni hili waliujua mchezo wao kwa undani, na hilo ndilo ninalotaka kulishangilia, kwamba baada ya miaka 11 tangu Mario Kart 8 ya 2014 wamekuja na fikra, hawakuja na rangi mpya tu.

Sisi wa huku fikra yenyewe tumeikulia. Aliyewahi kukaa kwenye banda la PlayStation anajua sheria ya benchi: aliyefungwa anapisha. Hakuna mechi isiyo na uzito, kwa sababu ukifungwa unaamka, unarudi nyuma ya foleni na hela yako. Nyumbani kwa dada yangu Knockout Tour tunaicheza hivyo hivyo, pedi moja, ukitolewa unampa anayefuata. Mpwa wangu mdogo anawasha ule msaada wa usukani unaomzuia kuanguka nje ya barabara, na siku moja alivuka geti la nne wakati mjomba wake mwenye maneno mengi alishatolewa la pili. Mjomba huyo hakutaka kupisha. Ilibidi mama aingilie kati.

Wanaosema mfululizo huu haubadiliki ningependa wakumbuke ulianzaje. Nintendo walikuwa na F-Zero ya 1990, gemu ya kasi kubwa, ya mtu mmoja. Wakataka mbio ambazo watu wawili wanaweza kucheza kwenye televisheni moja. Walipojaribu, Super Famicom, mashine yao ya wakati huo, haikuweza kubeba zile barabara ndefu zilizonyooka kwa skrini iliyogawanywa mara mbili. Ndipo wakabana njia, zikawa fupi na za kona nyingi, na mwendo ukashuka ukawa wa vigari. Mario aliingizwa baadaye, mwanzoni dereva alikuwa jamaa tu aliyevaa ovaroli. Kwa hiyo Super Mario Kart ya 1992, ambayo hata ukicheza peke yako skrini inabaki imegawanyika, ilizaliwa kwa ajili ya watu wawili kukaa pamoja. Hiyo ndiyo asili yake. Na hiyo ndiyo mizani yangu kwa kila toleo jipya.

Kwenye mizani hiyo, ulimwengu wazi unashindwa. Hali ya kuzunguka ovyo, ile inayojaza matangazo yote, ilitoka haikuruhusu watu wawili kuizunguka pamoja kwenye televisheni moja. Mtandaoni na marafiki, ndiyo. Peke yako, ndiyo. Wewe na mdogo wako kwenye kochi moja, hapana! Mfululizo uliobuniwa ili watu wawili waione skrini moja unakuja na bara zima, halafu unasema aendeshe mmoja, mwingine atazame. Hili sikubali, na sitalikubali kwa sababu mtu ameniambia mawingu yamechorwa vizuri. Ukiwa peke yako utakuta swichi za bluu kwa mamia, kila moja na kajaribio kake kafupi, baadhi tamu kweli, na zawadi yake ni stika ya kubandika kwenye kigari. Baada ya hapo unaendesha. Mandhari ni nzuri, muziki ni wa hali ya juu, na hakuna anayekusubiri popote.

Ramani hiyo imedai pia gharama kwenye Grand Prix, yale mashindano ya kugombea makombe. Mbio za kwanza za kombe ni raundi tatu za kawaida, lakini zinazofuata sehemu kubwa unaimaliza barabarani kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, kisha uwanja wenyewe unauona raundi moja tu. Chukua Boo Cinema, ambako unaingia ndani ya jumba la sinema na kisha ndani ya filamu yenyewe. Ni kati ya njia bora kabisa walizowahi kutengeneza, halafu unapewa kuionja mara moja. Wachezaji wa mtandaoni walikwepa hizo barabara kwa kuchagua "bahati nasibu", gemu yenyewe iwachagulie uwanja, ili wapate raundi tatu. Mwishoni mwa Juni sasisho likaufunga mlango huo, watu wakachachamaa, na sasisho la Julai likazirudisha kidogo raundi tatu kwenye chaguo. Ilipaswa iwe chaguo la wazi tangu siku ya kwanza.

Sitaki kumsikia mtu akiniambia basi gemu yote ni mbovu. Barabara zile zile zinazochosha kwenye Grand Prix ndizo zinazoipa Knockout Tour uhai, kwa sababu mageti yanahitaji safari. Bila ramani kubwa isingewezekana. Hilo nawapa wapenda ulimwengu wazi, na ndilo pekee ninalowapa.

Kasi ya 200cc, ile ya juu kabisa, kutokuwepo siku ya kwanza, wakati ilishakuwepo kwenye Mario Kart 8 tangu 2015, ni uzembe. Mapambano ya kupasuliana puto ni yale yale. Ng'ombe apewe maua yake.

Bei sasa. Dola 79.99 Marekani, wakati Mario Kart 8 Deluxe iliuzwa 59.99. Ukiichukua pamoja na Switch 2 ilikuwa dola 499.99 badala ya 449.99 ya mashine tupu, yaani gemu ilikugharimu 50, na hiyo ndiyo njia pekee niliyoona ina akili. Kwetu mashine inafika kwenye begi la ndugu anayerudi safari au kwa mfanyabiashara anayeagiza Dubai, na kila mkono unaopitia unaongeza chake. Mwenye Switch ya zamani na Deluxe yenye njia zote 96 asijione amepitwa na dunia. Gemu ile imeuza zaidi ya nakala milioni 68, na bado inaijaza sebule vizuri sana. Akope? Asikope.

Lakini aliye na uwezo, au mwenye jirani aliyenayo, akae aicheze Knockout Tour na watu wenye kelele. Na Nintendo wafungue ile ramani kwa pedi mbili kwenye skrini moja, kabla hawajatuuzia njia za nyongeza, kabla hawajaongeza hata kofia moja ya Mario. Kama mwaka 1992 waliweza kuigawanya skrini kwenye mashine ile, hii ya leo haina kisingizio.